Kompyuta Moja, Gramu Ngapi?

Tarehe 6 Juni 2022 kampuni ya Apple ya Marekani ilitangaza kompyuta mpakato mpya, MacBook Air yenye chipu ya M2, kwa dola 1,199. Hakuna aliyeweza kuinunua siku hiyo. Maagizo yalifunguliwa 8 Julai, na mzigo wa kwanza ukawafikia wateja 15 Julai, siku 39 baada ya tangazo. Wiki ile ya Juni wakia moja ya dhahabu ilikuwa ikiuzwa duniani kwa dola 1,840 hivi. Wakia ina gramu 31.1, kwa hiyo gramu moja ilikuwa dola 59. Mashine ile, ikiwa bado ni picha tu, ilikuwa sawa na gramu 20 za dhahabu safi.

Tarehe 5 Machi 2025 kampuni hiyohiyo ilitangaza toleo la M4, safari hii kwa dola 999. Kusubiri kulikuwa kwa siku saba tu. Dhahabu ilikuwa imepanda hadi dola 2,900 na ushee kwa wakia, karibu dola 94 kwa gramu, hivyo mashine mpya ikawa na thamani ya gramu 11. Oktoba 2025 wakia ilivuka dola 4,000. Kompyuta ileile, kwa bei ileile ya dola 999, ikashuka hadi chini ya gramu 8.

Hesabu ya namna hii si ya mzaha kwa mtu wa Nyarugusu, Rwamgasa au Mwakitolyo. Kuanzia Geita hadi Kahama na vijiji vya Shinyanga, gramu ni kipimo cha kila siku: mtu hukopa kwa gramu, hulipa kwa gramu, hata mahari hupigiwa hesabu ya gramu kichwani kabla haijatajwa kwa ng'ombe. Wahenga walisema subira huvuta heri, ila hawakusema subira hiyo iwekwe katika sarafu gani. Mtu anayesubiri kompyuta iliyotangazwa huku ameshika dhahabu na mtu anayeisubiri huku ameshika shilingi hawasubiri kitu kimoja, hata kama wanatazama picha moja kwenye simu moja.

Niseme mapema kwamba nimeichukua MacBook Air kwa sababu tarehe zake na bei zake hutangazwa wazi na kila mtu anaweza kuzikagua. Sio mashine ambayo watu wengi wa Kahama wanainunua. Nyingi zinazopita madukani kule ni HP, Dell na Lenovo zilizokwisha kufanya kazi ofisini Ulaya au Dubai, na nitazifikia.

Tuanze na safari ya dola 999 hadi mezani kwako. Bei hiyo ni ya Marekani kabla ya kodi ya mauzo ya jimbo. Tanzania haikuwamo katika orodha ya nchi za kwanza kupokea toleo hilo, na kampuni haina duka lake hapa, kwa hiyo lazima mtu fulani ailete. Tuseme usafiri wa ndege na bima vinafika dola 81. Thamani ya forodha inakuwa dola 1,080. Hapo kuna habari njema ambayo wengi hawaijui: chini ya ushuru wa pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, kompyuta hutozwa ushuru wa forodha wa asilimia sifuri. Muuzaji akikuambia bei iko juu kwa sababu ya ushuru wa forodha, mwombe akuonyeshe.

Kinachobaki ni tozo na VAT. Tozo ya maendeleo ya reli ilianzishwa mwaka 2015 kwa asilimia 1.5 ya thamani ya forodha. Tukihesabu kwa kiwango hicho, ni dola 16. Ada ya kushughulikia forodha ni asilimia 0.6 ya bei ya kununulia, dola 6. Jumla sasa ni dola 1,102, na juu yake inakuja VAT ya asilimia 18, ambayo ni dola 198. Mashine ya dola 999 imekuwa ya dola 1,300 kabla muuzaji hajaweka faida yake hata shilingi moja. Imeongezeka kwa asilimia 30, na theluthi mbili za nyongeza hiyo ni VAT peke yake.

Kwa kiwango cha shilingi 2,600 kwa dola, kilivyokuwa Machi 2025, dola 1,300 ni takriban shilingi 3,380,000. Shika namba hiyo.

Ila VAT hailipwi na watu wote kwa namna moja. Mkandarasi wa Kahama anayepeleka mabomba au chakula mgodini, aliyesajiliwa kwa VAT, anazidai zile dola 198 kama kodi ya manunuzi. Kwake mashine inarudi kuwa shilingi 2,865,000 hivi. Mwenye duka dogo la kuchapa na kudurufu, lile tunaloliita steshenari, kwa kawaida hajafika kiwango cha kusajiliwa, ambacho tangu mwaka 2023 ni mauzo ya shilingi milioni 200 kwa mwaka. Huyo anaimeza VAT yote. Mwalimu anaimeza. Mwanafunzi anaimeza. Zaidi ya shilingi 515,000 za tofauti, na anayezikwepa ni yule mwenye biashara kubwa zaidi kati yao. Sheria haikukusudia hivyo. Ndivyo VAT inavyofanya kazi popote duniani. Lakini Serikali yenyewe ilijaribu njia nyingine kwa muda mfupi: Sheria ya Fedha ya 2021 ilisamehe VAT kwenye simu janja, vishikwambi na modemu, na mwaka mmoja baadaye msamaha huo ukafutwa. Mwaka mmoja ni mfupi mno kwa nafuu kutoka bandarini hadi rafu ya duka la Katoro mkoani Geita, kwani mwenye duka anamaliza kwanza mzigo alioununua kwa bei ya zamani.

Sasa turudi kwenye gramu, safari hii kwa hesabu ya mchimbaji mwenyewe, maana hizo gramu 20, 11 na 8 za mwanzo zilikuwa za dhahabu safi na bei ya dunia. Mchimbaji mdogo hauzi dhahabu safi. Tuseme kipande chake kina usafi wa asilimia 90. Anakipeleka soko la madini. La Geita lilizinduliwa na Waziri Mkuu Kassim Majaliwa Machi 2019, likiwa la kwanza la aina yake nchini, na Kahama ikapata lake. Pale hukatwa mrabaha wa asilimia 6, ada ya ukaguzi asilimia 1 na ushuru wa huduma wa halmashauri asilimia 0.3. Faida ya mnunuzi siihesabu, kwa sababu inategemea ubishi wa siku hiyo.

Kwa hesabu hiyo, gramu ya kipande chake ilimpa dola 49 Juni 2022, dola 78 Machi 2025 na dola 107 Oktoba 2025. Mashine ya M2, ikifikishwa nchini kwa utaratibu uleule wa kodi, ilikuwa inagharimu dola 1,540 hivi. Hiyo ni gramu 31. Mashine ya M4, dola 1,300, ilikuwa gramu 17 Machi 2025. Na gramu 12 Oktoba. Mtu aliyeziona picha za Juni 2022 akaamua kuweka dhahabu yake ndani badala ya kununua alilipa, miaka mitatu baadaye, chini ya nusu ya gramu alizotaka kulipa, tena kwa mashine yenye kumbukumbu ya GB 16 badala ya GB 8. Nafuu ya asilimia 61.

Mwenye shilingi je? Juni 2022 dola moja ilikuwa shilingi 2,330 hivi. Dola 1,540 zilikuwa shilingi milioni 3.59. Machi 2025 tulishaona, milioni 3.38. Oktoba 2025 shilingi ilikuwa imepata nguvu, dola ikiwa karibu 2,450, hivyo mashine ya dola 1,300 ikawa milioni 3.19. Kutoka mwanzo hadi mwisho nafuu ni asilimia 11. Tazama hasa kipande cha kati. Kiwandani bei ilishuka kwa dola 200, sawa na asilimia 17. Kwa mnunuzi wa Shinyanga, kuanguka kwa shilingi kati ya 2022 na Machi 2025 kulikula sehemu kubwa ya punguzo, akabakiwa na asilimia 6. Punguzo lilitangazwa California, likafika Shinyanga limekonda.

Mshahara una hadithi yake. Kima cha chini cha mtumishi wa umma kilikuwa shilingi 300,000 hadi katikati ya 2022, kikapanda hadi 370,000 Julai mwaka huo, kisha 500,000 kuanzia Julai 2025. Kwa mtumishi wa kima hicho, kabla ya makato yoyote na bila kula, kompyuta ya Juni 2022 ilikuwa mshahara wa miezi 12. Ya Machi 2025, miezi 9. Oktoba 2025, miezi 6 na wiki mbili. Alipata nafuu kubwa kuliko mwenye akiba ya shilingi, lakini haikutoka kwa watengenezaji wa kompyuta. Ilitoka kwenye hotuba za Mei Mosi, na mtumishi wa ngazi za juu, ambaye nyongeza yake ya asilimia ilikuwa ndogo zaidi, hakuipata kwa kiasi hicho.

Kabla mtu hajafunga dhahabu kwenye kitambaa na kuificha darini kwa sababu ya makala hii, kuna namba nyingine. Septemba 2011 wakia ilifika dola 1,900 hivi. Desemba 2015 ilikuwa dola 1,050. Aliyesubiri akiwa na gramu mkononi katika miaka hiyo minne alipoteza asilimia 45 ya uwezo wake wa kununua, na kompyuta nzuri aliyoiacha 2011 ingemgharimu gramu nyingi zaidi mwishoni. Zaidi ya hapo, mchimbaji mdogo mara chache ana uhuru wa kuiweka dhahabu. Duara, yaani shimo la uchimbaji, lina mwenye leseni, lina mfadhili aliyetoa fedha za mbao, kamba na chakula, lina wenye mgawo wa mifuko ya mawe, lina mwenye karasha, mashine ya kusaga mawe, anayetaka chake. Dhahabu ikitoka inauzwa siku hiyohiyo ili madeni yafe. Wanaoweza kungoja bei ni wenye karasha, wenye mitambo ya kuchenjua marudio, na madalali. Kwa hiyo ile nafuu ya asilimia 61 ni ya kweli, lakini iliwaangukia wachache waliokuwa na nafasi ya kungoja.

Jambo la kuchekesha kidogo ni kwamba dhahabu hiyo inarudi. Ndani ya kila kompyuta kuna dhahabu kidogo kwenye viunganishi na chipu, kwa sababu haishiki kutu na hupitisha umeme vizuri. Viwanda vya elektroniki duniani vilitumia tani 270 hivi za dhahabu mwaka 2024. Mgodi wa Geita peke yake, unaoendeshwa na AngloGold Ashanti, ulitoa zaidi ya wakia 480,000 mwaka huo, karibu tani 15. Ukiwa na mgodi mmoja wenye uwezo wa kutosheleza zaidi ya asilimia 5 ya mahitaji ya elektroniki ya dunia nzima, na bado mtu wa Geita mjini anaambiwa mashine haijafika, unaelewa kwamba umbali wa kompyuta na kijiji haupimwi kwa malighafi.

Gharama kubwa ya kusubiri, hata hivyo, haiko kwenye dola wala dhahabu. Iko kwenye siku. Chukua mwenye steshenari pale Katoro. Tuseme mashine ya pili ingemwingizia shilingi 12,000 kwa siku baada ya kutoa umeme, karatasi na wino: barua za maombi ya kazi, fomu za mikopo ya wanafunzi, risiti za vikoba, na sasa zabuni. Tangu mwaka 2023 manunuzi ya umma yanapita kwenye mfumo wa kielektroniki wa NeST, na fundi seremala anayetaka kutengeneza madawati ya shule ya kata lazima akae mbele ya skrini fulani, yake au ya kukodi. Migodi mikubwa nayo hupokea zabuni kwa njia ya mtandao. Wateja wapo.

Mtu huyo akisikia tangazo na kuamua kusubiri, siku 39 za mtindo wa M2 zinapita mashine haijauzwa popote. Mpe miezi miwili mingine hadi ishuke Dubai, ipande Kariakoo, iwe na bei isiyo ya wazimu. Siku za kazi 85 zimekwenda, shilingi 1,020,000 ambazo hakuziingiza. Kwa kusubiri alitarajia kuokoa nini? Ikiwa bei ya kiwandani ingeshuka kwa dola 200, ni shilingi 520,000. Amelipa mbili kupata moja. Mwanafunzi asiye na kipato cha mashine, huyo kusubiri hakumgharimu kitu, na anayo haki ya kungoja hadi bei ishuke. Kweli hushuka: M4 ile ya dola 999 ilikuwa ikiuzwa mara kwa mara kwa dola 799 katika maduka ya mtandaoni ya Marekani mwaka uleule wa 2025.

Watengenezaji wanaijua nguvu ya tangazo, na wapo waliochomwa nayo. Adam Osborne alitoa kompyuta ya kubebeka mwaka 1981 kwa dola 1,795. Ilikuwa na kilo 11, kwa hiyo neno kubebeka lichukuliwe kwa ukarimu. Ilinunuliwa sana. Mwaka 1983 habari za mashine bora inayokuja zikaenea, wauzaji wakasimamisha maagizo ya ile ya zamani, na Septemba mwaka huohuo kampuni ikafilisika. Wanahistoria wanabishana ni kiasi gani tangazo lenyewe lilichangia, lakini tangu hapo kampuni nyingi hujitahidi kufupisha muda kati ya tangazo na mauzo. Siku 39 za mwaka 2022 zikawa siku saba mwaka 2025. Kampuni ndogo hazina uwezo huo: Framework, inayotengeneza mashine ambazo mwenyewe anaweza kuzifungua na kubadilisha vipuri, ilijitangaza Februari 2021 na kuanza kupeleka mizigo Julai. Miezi mitano. Tanzania haimo katika nchi inazozihudumia, jambo la kusikitisha, maana kama kuna mahali kompyuta inayofungulika kwa bisibisi moja ingethaminiwa ni Kahama, ambako fundi yupo kila kona na kituo rasmi cha huduma hakipo.

Ahadi za bei rahisi ndizo zilizosubiriwa muda mrefu kuliko zote. Januari 2005, kule Davos, Nicholas Negroponte wa chuo cha MIT alitangaza kompyuta ya mtoto wa shule kwa dola 100. Novemba mwaka huo ilionyeshwa Tunis mbele ya Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Kofi Annan. Uzalishaji mkubwa ulianza Novemba 2007, miezi 34 baada ya Davos, na bei ilikuwa karibu dola 188. Rwanda ilizichukua kwa wingi. Kenya ilikuja na ahadi yake ya kisiasa mwaka 2013: kompyuta mpakato kwa kila mtoto wa darasa la kwanza. Zabuni ilifutwa 2014. Vifaa vilianza kufika shuleni 2016, vikiwa vishikwambi. Mtoto aliyeingia darasa la kwanza Januari 2014 alikuwa wa darasa la tatu vilipoanza kugawiwa, na vilikusudiwa kwa darasa alilokwisha kulipita.

Dhana kwamba kompyuta ya kesho itakuwa rahisi kuliko ya leo nayo imeanza kuyumba. Aprili 2025, ushuru mpya wa Marekani uliwafanya Framework kusimamisha kwa muda mauzo ya baadhi ya mashine zao nchini humo, maana bei zilizotangazwa hazikufidia gharama tena. Mwishoni mwa 2025 likaja kubwa zaidi: vituo vya akili mnemba vilianza kumeza chipu za kumbukumbu kuliko viwanda vinavyoweza kutoa. Soko la chipu hizo liko mikononi mwa kampuni tatu hasa, Samsung na SK Hynix za Korea Kusini na Micron ya Marekani. Desemba 2025 Micron ilitangaza kwamba itaachana na biashara ya kumbukumbu za Crucial kwa wateja wa kawaida, ili ihudumie wanunuzi wakubwa. Bei za RAM zikaruka, na watengenezaji wa kompyuta wakaanza kutangaza nyongeza. Fundi wa Shinyanga aliyezoea kuongeza RAM kwenye mashine kuukuu kwa bei ndogo ameliona hilo kabla ya gazeti lolote kuandika.

Hapo ndipo mashine zilizotumika zinaingia, kwa sababu ndizo uchaguzi halisi wa watu wengi wa kanda hii. Tuchukue ThinkPad au EliteBook iliyotoka ofisini, kwa mfano wa shilingi 600,000. Kwa mwenye steshenari wetu wa shilingi 12,000 kwa siku, inajilipa kwa siku 50 za kazi. Kabla siku za kusubiri ile ya tangazo hazijaisha, hii imekwisha kurudisha fedha na kuanza kuleta faida.

Ila uiangalie umri. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kutoa marekebisho ya usalama ya bure kwa Windows 10. Windows 11, kwa kanuni zake rasmi, inataka chipu ya Intel ya kizazi cha nane au baada ya hapo, pamoja na kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0, kwa maneno mengine, mashine nyingi za kabla ya 2018 zimeachwa nje. Mtu binafsi anaweza kurefusha ulinzi hadi 13 Oktoba 2026 kwa dola 30, shilingi 73,500 kwa kiwango cha 2,450, au bila fedha akikubali kuhifadhi mipangilio yake kwenye akaunti ya Microsoft. Linux ipo, ni ya bure, na inatosha kwa kuchapa barua na kufungua NeST kwenye kivinjari. Muuzaji atakuambia «hii inapiga Windows 11 bila shida» na kweli ataiwasha mbele yako, maana kuna njia za kuzunguka kanuni. Angalia namba ya chipu. Ikianza na i5-8 au i7-8 na kuendelea, uko salama. Ikianza na i5-6 au i5-7, bei lazima ishuke, na wewe ndiye wa kuishusha.

Barabara, kwa upande wake, imepunguza sehemu yake ya gharama. Hadi katikati ya 2025 kifurushi kutoka Mwanza kwenda Geita kilisubiri kivuko Kigongo pamoja na basi lililokibeba, wakati mwingine kwa saa kadhaa. Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, lilifunguliwa 19 Juni 2025, na ziwa sasa linavukwa kwa dakika chache. Lakini kifurushi kinachorudi nyuma, kile cha mashine iliyoharibika ndani ya mwaka wa dhamana, bado kina safari ya zaidi ya kilomita 1,000 hadi Dar es Salaam, na dhamana ya mashine iliyonunuliwa kwa mkono Dubai inaweza kugoma kabisa ikifika huko. Gharama hiyo haionekani kwenye bei iliyobandikwa dukani, nami ningeiweka juu ya VAT kwa uzito kwa mtu ambaye kazi yake inasimama mashine ikisimama.

Kwa hiyo, ukiwa na karasha yako na dhahabu isiyodaiwa, subiri upendavyo, ukijua kwamba unacheza na bei ya dhahabu kuliko bei ya kompyuta. Ukiwa mwanafunzi, ngoja miezi sita baada ya tangazo. Ukiwa na wateja mlangoni, nunua iliyopo rafuni wiki hii. Na yeyote uliye, usimpe kianzio muuzaji anayekuahidi mashine ambayo yeye mwenyewe hajaishika. Mwambie akupigie ikifika, akuandikie bei kwa shilingi ikiwa na VAT ndani, na akutolee risiti ya EFD yenye namba ya mashine uliyoiona ikiwashwa kwa macho yako.